Kiwanja kimeandikwa jina la mume tu, mimi nina haki gani?

SWALI: Wakili shikamoo. Mimi na mume wangu tumefunga ndoa bomani, tukanunua kiwanja Chanika, hela nyingi ilitoka kwenye genge langu na kikoba, tukajenga na tunaishi hapohapo, ila mauziano yana jina lake tu na sa hivi analeta madalali. Naweza kuzuia? Alafu kwenye kikundi chetu wanasema ukombozi wa mwanamke uko kwenye ardhi, kivipi?

JIBU: Marahaba dada. Unaweza kuzuia. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya familia haiuzwi, haitolewi zawadi wala haiwekwi rehani bila mwenza kukubali, hata kama jina ni la mmoja. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inakutambua uliyeweka nguvu zako kuendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenzako. Kwa hiyo daftari la kikoba, risiti za saruji na mabati, hata meseji za fundi, vyote tunza tena usivitunze hapo nyumbani.

Sasa zuio, yaani tangazo la kisheria la kuzuia kiwanja kisiuzwe. Kama kiwanja kina hati unaliweka kwa msajili wa hati, ila kama hakijapimwa, na vya huko vingi ndo hivyo, hakuna hati ya kuwekea zuio, kwa hiyo andika barua ya pingamizi upeleke serikali ya mtaa maana mnunuzi mwenye akili lazima aende pale kuulizia, wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Usiishie kumwambia mjumbe kwa mdomo.

Hilo la kikundi, wenzio wako sahihi. Mwaka 1923 Waingereza walitangaza ardhi yote ni ya umma chini ya gavana, tukapata uhuru ikabaki ya umma, ila ndani ya koo mwanamke alibaki mtumiaji tu, na kanuni za mila zilizoandikwa 1963 zilisema wazi anaweza kulima shamba la ukoo lakini asiuze. Yaani mkoloni kaondoka, shangazi bado mgeni shambani kwa baba yake! Kule Kagera Holaria Pastory alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake, akaiuza 1988, mtu wa ukoo akamshtaki, na 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Sheria za ardhi za 1999 zikaja kuandika usawa huo kabisa, na ile ya vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Mimi ninachokiona ofisini ni kwamba mwenye jina kwenye karatasi anaongea taratibu, asiye na jina ndo anayetafuta mashahidi na nauli. Kwa hiyo barua ikishapokelewa, mkae na wazee muongelee kuandika mauziano upya kwa majina mawili, na siku hiyo saini mwenyewe, usisainiwe na shemeji.