Muulize Mwongozaji: Mwezi Uchaguliwe kwa Ajili ya Mlima, Wanyama Watafuata

Swali: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, na mke wangu ni mwalimu pia. Tumeweka akiba kwa muda mrefu. Tunataka tupande Kilimanjaro, kisha tuingie mbugani kuona wanyama, yote kwa safari moja. Likizo zetu ni Juni na Desemba tu. Wenzetu wanasema Desemba ndiyo yenyewe, maana Watanzania wengi hupanda kuelekea tarehe 9. Wengine wanatutisha kwamba Juni tutaganda. Twende lini, na tuanze na kipi?

Jibu: Marahaba mwalimu. Nendeni Juni, nusu ya pili ya mwezi, na muanze na mlima.

Najua kwa nini Desemba inapendwa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge wa Uhuru na bendera yetu juu kabisa ya Kibo, koni kuu ya Kilimanjaro, na tangu hapo kilele kinaitwa Uhuru. Nimeongoza makundi ya Desemba na nimeona watu wazima wakilia mbele ya kile kibao cha mita 5,895. Siwezi kumkatisha tamaa mtu anayepanda kwa sababu hiyo. Lakini mlima haufuati sikukuu. Desemba ni mkia wa vuli. Miaka mingi mvua hupungua kuelekea Krismasi, mingine haipungui kabisa. Mnakumbuka vuli ya 2023, mwaka wa El Niño, mvua zilivyonyesha kaskazini yote mpaka yale maporomoko ya tope ya Hanang mwanzoni mwa Desemba. Anayekwenda Desemba ajiandae kwa mvua, na asome utabiri wa msimu ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huutoa kabla vuli haijaanza.

Kilimanjaro hupata mvua zake nyingi katika misimu miwili, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli Novemba na Desemba. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unagonga mlima, unapandishwa juu, unapoa, na maji yake yanamwagika msituni. Ndiyo maana upande wa kusi, wa njia za Machame, Umbwe na Marangu, una msitu mzito na mito, ilhali upande wa Rongai, kule unakoitazama Kenya, ni mkavu zaidi. Ukishavuka msitu, mvua hupungua kadiri unavyopanda, na karibu na Kibo unatembea kwenye jangwa la mawe na vumbi. Kwa hiyo anayeuliza habari za msimu, hasa anauliza habari za siku mbili za kwanza na ya mwisho, msituni, penye tope na utelezi wa mizizi. Mvua ikiwa nzito, huko juu inageuka theluji, na usiku wa kilele unakuwa kazi nyingine.

Mwanzoni mwa Juni msitu bado una maji ya masika. Kufikia katikati ya mwezi njia zinaanza kukauka. Sasa kuna jambo linalowadanganya wageni wengi: mkishuka kwenye basi Moshi mwezi huo, mnaweza kukaa hata siku tatu msiuone mlima. Mawingu mazito, manyunyu ya asubuhi, mji mzima umevaa masweta. Watu hukata tamaa hapohapo stendi. Msikate. Wingu la Juni na Julai hukaa chini, juu ya mji na msitu. Siku ya pili, mkitoka kibanda cha Mandara kwenda cha Horombo, mtalipita, na mkifika Horombo, mita 3,720, mtakuta jua kali na anga la buluu, mawingu yote yako chini ya miguu yenu.

Baridi ni kweli ipo, Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi zaidi. Usiku wa kilele unaweza kushuka nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Ila baridi kavu huvaliwa nguo ikaisha, na baridi yenye mvua haina nguo. Vaeni tabaka juu ya tabaka, na msifanye ubahili kwenye glovu. Simu na betri za tochi zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, la sivyo zitakufa kabla ya Gilman's, ukingoni mwa kreta ya Kibo. Chupa ya maji iwekeni kwenye mkoba ikiwa imepinduliwa, mdomo chini. Barafu huanza kuganda juu ya maji, kwa hiyo mkiigeuza kunywa, mdomo wake utakuwa bado wazi. Mipira ya kunywea inayotoka mgongoni huganda mapema sana, msiitegemee usiku ule.

Njia nawashauri Marangu kwa siku sita. Ni njia yenye vibanda vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo, kwa hiyo hata wingu likiwafuata mtalala pakavu. Mtaambiwa siku tano zinatosha na ni nafuu. Kataeni. Hiyo siku ya sita mnaikaa Horombo, mnapanda kidogo kuelekea Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, mnarudi kulala, mwili unaizoea hewa nyepesi. Mlima huu hauwashindi watu kwa ukali wa majabali, unawashinda kwa kimo. Kuumwa kichwa na kichefuchefu hutokea kwa wengi, lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akihema kwa shida hata akiwa amekaa, anashuka saa hiyohiyo, mchana au usiku. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu kati ya msimu bora na siku ya ziada, nunueni siku.

Na kuna watu ambao wanaouliza habari za msimu huwasahau: wagumu. Ndivyo tunavyowaita wapagazi wa Kilimanjaro. Sheria ya hifadhi inaruhusu mzigo wa kilo 20, lakini hema likilowa linaongezeka uzito, na anayelibeba kwenye utelezi ana viatu vibovu kuliko vyako. Unapochagua mwezi, umewachagulia na wao. Mkikubaliana bei na kampuni, ulizeni wagumu wanalala wapi, wanakula mara ngapi, na wanalipwa kiasi gani kwa siku. Kampuni isiyotaka kujibu, iacheni.

Mnaona kwa nini nasema mlima uchaguliwe mwezi kwanza. Wanyama wapo mwaka mzima, wanahama tu, nawe unabadilisha hifadhi. Mlima hauhami. Tena safari ya gari iwe ya mwisho: miguu itakuwa imechoka na mteremko, mtakaa kwenye kiti na kutazama. Mkianza na mbuga, vumbi na mafua ya njiani mtayapeleka mlimani, na mafua yakishapanda nanyi hadi Kibo yanakuwa kikwazo kikubwa.

Wengi wakisikia Serengeti wanawaza misafara ya nyumbu. Juni, nyumbu kwa kawaida wako ukanda wa magharibi, karibu na mto Grumeti, na wengine wameshaanza kwenda kaskazini. Kutoka Moshi ni mbali. Kwa siku tatu nne zenu msiwakimbize. Seronera, katikati ya Serengeti, ina simba na chui miezi yote kwa sababu maji hayakauki. Mkipitia Ngorongoro kuingia Serengeti mtalipia na Ngorongoro, kwa hiyo tumieni malipo hayo, shukeni kreta asubuhi. Ukingoni kuna ukungu na baridi mwezi huo. Yale masweta ya mlimani msiyafungie kwenye begi.

Kisha malizieni Tarangire, na hili nalisema kwa kuwa mnakaa Dodoma. Lango lake liko jirani na barabara ya Arusha kwenda Babati, ambayo ndiyo njia yenu ya kurudi nyumbani kupitia Kondoa, lami tupu. Mwishoni mwa Juni madimbwi ya porini yanaanza kukauka na tembo wanarudi mtoni. Utawaona wakichimba mchanga kwa miguu na mkonga, shimo linajaa maji taratibu, mama anakunywa, mtoto anasubiri zamu yake huku akikanyaga kingo na kuzibomoa. Zimeni gari, kaeni hapo, msimharakishe dereva. Fungeni madirisha mkipita kwenye vichaka, ndorobo wa Tarangire wanauma hata juu ya shati, na nguo za buluu na nyeusi zinawavuta.

Mngekuwa na likizo ya Februari ningewapa jibu jingine. Mwishoni mwa Januari na Februari mlima ni mkavu na hauna baridi kali kama ya Juni, na nyumbu wako Ndutu na nyanda za kusini za Serengeti wakizaa, maelfu ya ndama kwa siku, ndama anasimama na kukimbia kabla mama hajapumzika vizuri. Kwa mtu anayetaka vyote viwili, kwangu hiyo ndiyo miezi bora. Iwekeni kwa siku mtakapostaafu.

Swali: Baba, habari za kazi. Sisi tuko Mwanza, familia ya watoto wawili, wa miaka saba na kumi na moja. Mlima hatutaki, tunataka wanyama tu. Nafasi yetu ni Pasaka. Kila ninayemuuliza anasema Aprili usiende. Ni kweli?

Jibu: Nzuri mama. Ni kweli kwa njia mnayotaka kuitumia ninyi.

Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, yaani daima ndani ya masika. Mbuga yenyewe ni nzuri mno wakati huo, kijani kila mahali, ndege wengi, magari machache, na hoteli nyingi hushusha bei. Ngorongoro hata Aprili haiwezi kukunyima wanyama, maana wengi wa kreta hukaa humohumo. Tarangire ndiyo ningeiacha, kwa sababu pundamilia, nyumbu na tembo wengi hutoka nje ya hifadhi kufuata majani mapya upande wa Simanjiro.

Ila kutoka Mwanza lango lenu ni Ndabaka, na ukanda ule wa magharibi una udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa, gari linakwama hata liwe na nguvu za magurudumu manne, na mito ya Grumeti na Mbalageti hufurika. Kukaa na watoto wawili kwenye tope mpaka jioni mkisubiri trekta, hiyo si zawadi ya Pasaka. Subirini likizo ya Juni. Nyumbu watakuwa upande wenu wa Serengeti, saa chache tu kutoka nyumbani, wakati watu wa Arusha wanasafiri siku nzima kuwafuata. Mnaweza kuingia alfajiri na kuwaona kabla ya chai ya saa nne.

Pasaka hii wapelekeni watoto kisiwa cha Saanane, ni hifadhi ya taifa na iko hapohapo Mwanza, mnavuka kwa boti. Watazoea kukaa kimya wakimtazama mnyama, maana watoto wengi hawajawahi kufundishwa hilo. Bebeni vitambulisho vya NIDA kila muingiapo hifadhini: sisi raia tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na wageni, lakini lazima uthibitishe uraia.

Swali: Shikamoo babu. Nasoma chuo Dar es Salaam, likizo ndefu naipata Agosti hadi Oktoba. Nataka kukanyaga theluji ya Kilimanjaro kabla haijaisha, na nataka kupanda kileleni usiku wa mbalamwezi. Mwezi gani unanifaa?

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Nenda Septemba. Pakavu, baridi imepungua kidogo kuliko Julai, na ukipata fedha za kuongeza siku za mbuga, nyumbu bado wanavuka mto Mara huko Kogatende, kaskazini mwa Serengeti.

Ila ujue unachokwenda kukiona. Theluji mpya huanguka wakati wa mvua, ikayeyuka baada ya siku au wiki chache, kwa hiyo Septemba huenda usiikanyage. Utakachokuta ni barafu ya kale, kuta zake zimesimama wima pembeni ya njia kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta, kwenda Uhuru, buluu kwa ndani. Tangu 1912 zaidi ya robo tatu ya barafu ya Kibo imetoweka. Waliopanda nikiwa kijana waliona kuta ambazo leo ni mchanga mtupu, na jambo hilo linaniuma kila nikitazama picha. Haraka yako naielewa.

Kuhusu mbalamwezi, makundi hutoka kambini kama saa sita usiku na kufika juu alfajiri, na mwezi ukiwaka hata tochi unazima. Tarehe za mwezi mpevu huwahi kujaa watu. Ukikosa nafasi usiku wenyewe, omba siku mbili au tatu baada yake, usikubali siku za kabla. Mwezi wa kabla ya mpevu utatua ukiwa bado njiani, gizani, saa za baridi kuliko zote. Wa baada yake huchelewa kuchomoza, ila utakuwa umeshapanda angani mnapoanza safari na utabaki angani mpaka jua litokee nyuma ya Mawenzi.