Kusiriba tanuri la gesi la kufulia chuma: niliyojifunza Mombasa

Watu wanaotengeneza tanuri la gesi la kufulia chuma huhangaika sana na bana, yaani kichomeo cha gesi, ilhali joto hushikwa na kile kisichoonekana kwa nje, yaani sufi na simiti iliyosiribwa ndani. Nimekwisha kusiriba matatu katika karakana yangu ya Changamwe, na la kwanza liliharibika kwa haraka yangu mwenyewe.

Ganda la nje ni kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa sentimita 35. Wengi hupenda mtungi wa gesi uliochakaa. Mimi huukwepa, kwa kuwa mabaki ya gesi yaliyomo yanaweza kulipuka unapoanza kuukata. Ndani huzungusha tabaka mbili za blanketi la sufi ya kauri, kila moja ikiwa na unene wa milimita 25, la aina inayostahimili nyuzi 1260 za Selsiasi. Ukishaweka na simiti, hubaki uwazi wa karibu sentimita 13, ambao bana moja ya inchi robo tatu huupasha moto bila taabu. Tamaa ya kuupanua ndiyo inayomaliza gesi, na bei ya gesi sote tunaijua.

Blanketi hilo likikatwa hutoa nyuzi laini mno ambazo hazifai kuingia mapafuni, kwa hiyo hulilowesha kidogo kwanza, nami huvaa barakoa ya kuchuja vumbi inayobana uso, si ya kitambaa. Hatari huzidi tanuri linapozeeka, kwani sufi iliyokaa muda mrefu katika moto mkali huanza kugeuka aina ya silika (madini yaliyo kwenye mchanga) yenye madhara zaidi.

Sakafu huifanya bapa ili chuma kitulie, na juu huacha kuba. Tundu la bana hulitoboa upande, likielekea pembeni mwa uwazi badala ya katikati, ili mwali ufuate mkunjo wa ukuta na kuzunguka kabla ya kukifikia chuma. Bana ikipiga chuma moja kwa moja, sehemu moja huwa nyeupe wakati ncha zingali nyekundu.

Kisha hulinyunyizia blanketi maji yenye chembe laini za silika, na likikauka huwa gumu kama kadibodi. Juu yake hupaka simiti ya tanuri, ile inayostahimili moto, kwa unene wa milimita 12, ambayo huzifungia nyuzi zisipeperuke na kuikinga sufi dhidi ya boraksi, unga ambao wafua chuma hunyunyizia chuma wanapokiunganisha kwa moto, kwa maana boraksi ikiyeyuka huila sufi kama mchwa aulavyo mbao. Simiti ya kujengea nyumba haifai hata kidogo: joto huyafukuza maji yaliyoishikamanisha, ikapasuka na kubomoka.

Kinachobaki ni kukausha, na hapo hewa ya Mombasa ina lake la kusema. Simiti ya tanuri huhitaji unyevu kwa saa 24 za kwanza ili ishikane, na huo tunaupata bure. Baadaye huhitaji kukauka, na hewa hiyohiyo huzuia. Tanuri la kwanza nililisiriba wakati wa masika, nikaliwasha siku ya tatu kwa moto mkubwa, kwa sababu nilipoligonga kwa kucha lilitoa mlio wa chungu kilichochomwa. Baada ya dakika chache mvuke uliokosa njia ulilirusha bamba la simiti lenye ukubwa wa kiganja hadi miguuni pangu, na mgongo wake ulikuwa bado na weusi wa unyevu.

Siku hizi huweka ndani balbu ya wati 60, ile ya zamani yenye waya, kwa siku mbili usiku na mchana. Halafu hulitoa tanuri uani, huwasha gesi kwa dakika mbili, huizima mpaka ukuta upoe, kisha hurudia nikiongeza muda. Kila ninapoizima hushika kipande cha kioo mbele ya mdomo wa tanuri, na kikifanya ukungu najua bado. Tanuri la tatu lilinidai mizunguko saba ndipo kioo kikabaki kikavu.