Maji magumu kwenye dripu: siyo kila mbolea ya "asidi" itakusaidia

Wadau, hii nawaandikia wale mnaolima kwa maji ya kisima kirefu, hasa huku kwetu Dodoma ambako birika likitumika wiki mbili tu ndani linakuwa jeupe kama limepakwa chokaa, na ukifua unamaliza mche wa sabuni povu bado la kubembeleza. Maji hayohayo ndo tunayapitisha kwenye vitobo vya mipira ya dripu (ile inayomwagilia tone kwa tone), alafu tunashangaa vinaziba.

Mimi yalinikuta msimu wa pili wa nyanya, robo eka. Mistari ya mwisho ikawa inalegea majani saa nne asubuhi wakati ya mwanzo imesimama vizuri kabisa, nikajua ni mnyauko wa bakteria, nikang'oa miche kadhaa, mizizi mizima haina tatizo lolote. Basi nikachukua wembe nikapasua mpira pale kwenye kitobo. Ndani kuna ukoko mweupe mgumu, nikaukamulia limau, ukaanza kutoa povu palepale. Povu lile maana yake ni kaboneti, yani ni chokaa ileile ya kwenye birika. Mpira mweusi ukipigwa na jua la huku maji ya ndani yanapata moto, na mdomoni mwa kitobo maji yanakauka, chokaa inabaki, kesho inaongezeka nyingine juu yake.

Nikaenda duka moja la pembejeo nikaambiwa chukua SA (mbolea ya salfeti ya amonia), ile ina asidi itakusafishia. Nikatumia wiki tatu, vitobo viko vilevile. Hapa ndo nataka mnielewe vizuri kwa sababu wengi wanapotea hapa: SA inatia asidi kwenye UDONGO, siyo kwenye maji. Amonia yake ikifika kwenye udongo bakteria wanaigeuza kuwa nitreti na kazi hiyo ndo inazalisha asidi. Ndani ya mpira hamna kitu kama hicho, bikaboneti iliyo kwenye maji yako (ndo hiyo inayogeuka kuwa chokaa) inabaki karibu yote kama ilivyokuwa. SA siyo mbolea mbaya, kama udongo wako umepanda pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi imepungua) kwa kumwagiliwa maji magumu miaka mingi itakufaa sana, ila isikuahidi kuzibua dripu.

Mbolea inayofanya kazi ndani ya maji yenyewe ni urea fosfeti, ile ya 17-44-0 (namba za mfukoni: naitrojeni, fosforasi, potasiamu). Ile ni asidi kweli, ukiiyeyusha inakutana na bikaboneti inaigeuza gesi inaondoka. Watu wanaichanganya na MAP (monoamonia fosfeti) 12-61-0 kwa kuwa zote zina fosforasi nyingi, lakini MAP asidi yake ni ndogo, ukiitia kwenye maji yenye kalsiamu nyingi pH haishuki vya kutosha, fosforasi inashikana na kalsiamu, unapata unga mweupe mwingine kabisa, yani umelipia hela kuziba mipira yako mwenyewe.

Sasa kiasi. Usiangalie pH peke yake, maji ya visima viwili yanaweza kuwa na pH sawa lakini moja likala asidi mara mbili ya lingine. Peleka sampuli maabara uombe wakupimie bikaboneti. Kisima changu kilitoka na miligramu 366 kwa lita. Hesabu yake ni hii, gramu 158 za urea fosfeti zinaua gramu 61 za bikaboneti, na huwa hatuiui yote, unaacha kama miligramu 61 kwa lita ili pH isidondoke ghafla. Kwangu ilikuja kama gramu 790 kwa simtanki la lita 1000. Kabla ya kumwaga tankini nilijaribu kwanza kwenye ndoo ya lita 20, gramu 16, nikakoroga nikasubiri gesi itoke ndo nikapima, maana ukipima haraka mita inakudanganya. Unatafuta pH ya 5.5 mpaka 6.5.

Lakini gramu hizo kila siku ni fosforasi nyingi mno kwa mmea, kwa hyo mi naweka mara moja kwa wiki tu, na siku nyingine namwagilia alfajiri kabla mipira haijapata moto. Wapo wanaotumia asidi ya naitriki mmea ukishatosheka na fosforasi, inafanya kazi, ila ile inaunguza, kama huna glavu na miwani achana nayo. Na asidi iliyomwagwa kutoka kwenye betri kuukuu msiitie shambani jamani, ina madini ya risasi, na watu watakula zile nyanya.

Kalsiamu nitreti iwe na siku yake, usiikutanishe na fosfeti wala salfeti kwenye tanki moja. CAN (kalsiamu amonia nitreti) usiiweke kabisa kwenye dripu, ina chokaa ndani yake. Ukiwa na wasiwasi na mchanganyiko wowote utie kwenye chupa ya maji inayoonyesha, kwa kipimo kilekile cha tankini, uache mpaka kesho. Ukiona ukungu au kitu kimetuama chini usiupitishe.

Unapochanganya, asidi ndo inaingia kwenye maji, siyo maji kwenye asidi, na isikutane kamwe na jiki wala klorini yoyote, gesi inayotoka inaua mtu. Ukimaliza pitisha maji matupu, na kila wiki fungua ncha za mipira yote uache yatoke kwa nguvu. Mara ya kwanza yangu yalitoka meupe kama ya kuoshea mchele, mpira mmoja mmoja, nikasimama pale mpaka yakawa safi.