Pointi Tatu Nilizozikataa

Jumamosi iliyopita timu yetu ya raga ilifungwa pointi 21 kwa 17 katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, baada ya kwenda mapumzikoni ikiongoza 17 kwa 3. Tangu jioni hiyo nimepokea pole nyingi, lakini ujumbe ulionikaa moyoni ni wa kijana mmoja wa Kisumu anayecheza namba 7 katika timu ya mtaani kwao. Aliniandikia kwamba msimu huu wao pia wamepoteza mechi tatu kwa njia hiyo hiyo, kipindi cha kwanza wanatamba na cha pili wanaporomoka, na akaniomba nimweleze, kama kaka yake mkubwa katika mchezo huu, kasoro iko wapi. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikaona ninamdanganya, kwa sababu jibu la kweli linanihusu mimi mwenyewe na halielezeki bila kuisimulia mechi.

Mimi ni nahodha wa timu moja ya Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikicheza namba 1, katika safu ya mbele ya skramu, yaani pale wachezaji wanane wa kila timu wanapoinama na kusukumana kuugombea mpira. Hatulipwi. Kati yetu kuna walimu, makarani, mafundi wa umeme na wanafunzi wa chuo, na kila mmoja hujinunulia viatu vyake na kuchanga nauli. Wengi wetu tulivutwa na timu ya taifa ya wachezaji saba, ile iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai mwaka 2009 na tena Moscow mwaka 2013, kisha ikatwaa taji la Singapore mwaka 2016 kwa kuicharaza Fiji 30 kwa 7 katika fainali. Ninajivunia historia hiyo kama Mkenya yeyote. Hata hivyo, imetuzoesha kupenda mbio na uwanja ulio wazi. Mechi ya wachezaji saba huisha kwa dakika 14, ilhali ile ya kumi na watano kila upande huchezwa kwa dakika 80, na dakika 20 za mwisho hutawaliwa na kazi isiyopigiwa makofi: nani anafika kwanza kwenye raki, yaani rundo la wachezaji wanaougombea mpira ulio chini mtu akishaangushwa, nani anajiondoa upesi baada ya kumwangusha mpinzani, nani bado anaisikia sauti ya refa.

Safari sitaisimulia. Tuliondoka Ijumaa usiku kwa matatu mbili, wachezaji 19 badala ya 23, na tulifika asubuhi katika mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wapo wenzangu wanaosema hewa nyepesi ndiyo iliyotumaliza. Mwili uliozoea Pwani huhema upesi kule juu, hilo halina ubishi, lakini msimu uliopita tulipoteza mechi mbili nyumbani, karibu kabisa na bahari, kwa mporomoko wa namna hii hii. Kwa hiyo mwinuko siutumii kama kisingizio.

Kipindi cha kwanza kilikuwa raga bora kabisa tuliyowahi kucheza ugenini. Trai ya pili, yaani mara ya pili tulipougusisha mpira chini nyuma ya laini yao, itabaki nami maisha yangu yote. Ilikuwa skramu yetu, mita tano kutoka kwenye laini yao. Refa alipotoa amri ya mwisho nilihisi bega la mpinzani wangu likilegea kidogo chini ya langu, na wenzangu saba wakaja nyuma yangu kwa pamoja kama mlango mzito unaofungwa. Nilikuwa nimeuinamisha uso, siuoni mpira, ninaona nyasi tu na ncha za viatu vyangu zikisogea mbele kidogo kidogo, hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka mstari mweupe ukapita chini ya macho yangu na namba 8 wetu akauangukia mpira. Wenyeji wakanyamaza uwanja mzima. Tulifunga trai tatu, kila moja pointi tano, na mkwaju wa nyongeza, wa pointi mbili, ukaingia mmoja tu kati ya mitatu. Mikwaju ile miwili iliyopotea ilikuwa na thamani ya pointi nne, na tulishindwa kwa pointi nne. Mpigaji wetu simlaumu, kwa kuwa kila jioni yeye hufanya mazoezi ya mikwaju peke yake gizani sisi tukiwa tumekwisha kwenda nyumbani.

Dakika ya 50 huka wetu, yaani namba 2, aligongwa kichwani alipokuwa akimkaba mtu. Aliinuka mwenyewe, akasema yuko sawa, lakini nilipomuuliza tunaongoza kwa ngapi akanitazama bila kujibu. Tulimtoa na hakurudi. Kuna mshabiki aliyenifokea kwamba nimeua timu kwa uamuzi huo, naye nataka ajue kwamba ningefanya vivyo hivyo kesho, hata kama ingekuwa fainali. Mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutoka, na siku hiyo harudi. Sisi wa ridhaa hatuna daktari kando ya uwanja wala televisheni ya marudio, kwa hiyo jicho la nahodha na la kocha ndilo daktari wa kwanza, na ndugu yangu unayeongoza timu, usikubali kushawishika juu ya jambo hili hata siku moja.

Huka ndiye mrushaji wetu katika laini-auti, yaani pale mpira uliotoka kando unaporushwa tena uwanjani katikati ya safu mbili za wachezaji. Aliyeingia badala yake amefundishwa skramu vizuri, lakini kurusha mpira alikuwa amejaribu mara chache tu mazoezini, akiwa amepumzika, bila wapinzani mbele yake. Nilikuwa ninalijua hilo, na makosa yangu yanaanzia hapo.

Wenyeji walipata trai na nyongeza yake, ikawa 17 kwa 10, kisha penalti, ikawa 17 kwa 13. Dakika ya 64 tukapewa penalti sisi, karibu mita 25 kutoka kwenye milingoti, mbele yake kabisa. Mpigaji wetu alikuwa ameshika mpira, ananitazama. Pointi tatu zingetupeleka 20 kwa 13. Lakini tulikuwa na trai tatu, na trai ya nne ingetupa pointi ya bonasi kwenye jedwali, na nilikwisha kuiona picha nzima kichwani: mpira unatoka kando kwenye kona, laini-auti, msukumo, trai. Nikanyoosha mkono kuelekea kona.

Nilikuwa nimebeba kichwani mechi ya Japani na Afrika Kusini katika Kombe la Dunia la mwaka 2015 kule Brighton. Zikiwa zimebaki dakika za mwisho, Japani ikiwa nyuma 29 kwa 32, ilipewa penalti ambayo ingeleta sare. Nahodha wake, Michael Leitch, akaikataa na kuchagua skramu, na Karne Hesketh akafunga trai iliyoleta ushindi wa 34 kwa 32. Kila nahodha wa timu ndogo anaipenda hadithi hiyo. Ila wiki moja baadaye, katika mashindano hayo hayo, Uingereza ilikuwa nyuma ya Wales 25 kwa 28 pale Twickenham, ikapewa penalti ambayo ingeweza kuleta sare, na nahodha Chris Robshaw akachagua kona. Mpira ulirushwa mbele ya laini-auti, Wales wakawasukuma wote nje ya uwanja, Wales wakashinda, na wiki iliyofuata Uingereza ikafungwa tena na kuaga mashindano yaliyokuwa yakifanyika kwao katika hatua ya makundi. Ujasiri wa manahodha hawa wawili ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni hali iliyokuwa uwanjani. Afrika Kusini walikuwa pungufu kwa mchezaji mmoja wa safu ya mbele aliyepewa kadi ya njano, na Japani walichagua skramu wakijua hivyo. Mimi nilichagua laini-auti nikijua kwamba mrushaji wangu ni mgeni wa kazi hiyo.

Mpira ulirushwa ukapinda, jambo ambalo ni kosa, wakapewa skramu wao, wakautoa mbali. Dakika ya 71 wakafunga trai kwenye kona, nyongeza ikakosa, ikawa 18 kwa 17.

Yaliyofuata yananiuma zaidi. Dakika ya 78 mpira ulikuwa wetu katikati ya uwanja, tunasonga taratibu, na kilichohitajika ni penalti moja tu. Kijana wetu akaangushwa, akauganda mpira, refa akapuliza filimbi dhidi yetu kwa kutouachia. Mimi niliona kwamba mpinzani alikuwa amemlalia, na mpaka leo naamini niliona sawa. Nilimwendea refa, na badala ya kumuuliza kwa heshima kama nahodha anavyoruhusiwa, nilimwambia kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia kwamba alikuwa amechagua mshindi tangu asubuhi. Akasogeza penalti mita kumi mbele. Pale ilipokuwa mwanzo hawakuwa na uwezo wa kuilenga milingoti. Mita kumi zikawapa uwezo huo, na kule juu mpira husafiri mbali kuliko kwetu. Ukapita juu ya mwamba, 21 kwa 17, na sasa penalti isingetuokoa tena, ilibidi tufunge trai ndani ya dakika mbili. Hatukuifunga.

Asubuhi ya Jumapili tulisimama Mtito Andei kunywa chai. Skramuhafu wetu, yule anayeutoa mpira kwenye skramu na kuwagawia wenzake, mdogo kuliko wote, ambaye juzijuzi tu amemaliza kidato cha nne, alikaa mbele yangu akakoroga chai yake muda mrefu, kisha akasema polepole, "Kapteni, si ulitwambia tusimjibu refa?" Hakusema kwa ufidhuli. Sikuwa na la kumwambia. Baadaye kiongozi mmoja wa klabu aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba timu inahitaji nahodha mwenye kichwa kilichotulia, na maneno hayo, yaliyosomwa na watu arobaini kabla sijayasoma mimi, yameniumiza kuliko kipigo chenyewe, kwa maana angeweza kunipigia simu. Lakini yeye amenikosea kwa njia aliyoitumia, wala hakukosea katika alichosema.

Dada wa mmoja wetu alikuwa ameirekodi mechi yote kwa simu. Jumatatu usiku niliitazama mara mbili, na kalamu mkononi. Tulipigiwa penalti 14, tisa zikiwa za kipindi cha pili, na sita kati ya hizo tisa zilitokana na raki: kutouachia mpira, kuingilia ubavuni, kulala upande usio wetu. Mechi nzima sikuona hata mara moja ambapo wenyeji walituzidi nguvu. Walitusubiri tuchoke, na tulipochoka tukaanza kuwapa mpira kwa mikono yetu.

Basi kijana wangu wa Kisumu, na wengine wote mnaotaka kupanda daraja kama sisi, nisikilizeni. Fanyeni mazoezi ya raki mkiwa mmechoka. Sisi siku zote tulianza na raki tukiwa wabichi na kumalizia na mbio, na sasa tumegeuza: mbio kwanza, kwenye mchanga, kisha raki kwa dakika 20, na anayechelewa kuuachia mpira anarudia. Mrushaji wa akiba arushe mpira kila siku ya mazoezi, mapafu yakimwaka, kwa sababu hivyo ndivyo atakavyourusha siku atakapohitajika. Penalti mtakayopewa dakika ya 64 iamuliwe Alhamisi, mkiwa mmekaa chini na akili zenu timamu, mkijua ni eneo gani mnapiga mlingoti na ni nani awepo uwanjani ndipo mchague kona. Rekodini mechi zenu hata kwa simu, mzihesabu penalti, kisha msomeane idadi hiyo bila kutajana majina. Na nyamazeni. Nahodha mmoja aongee na refa, aongee kama anavyoongea na mzee wa nyumba, na akishajibiwa arudi nyuma mita kumi zake. Siandiki haya kwa kuwa nayaweza, naandika kwa kuwa nimewagharimu wenzangu 18 safari ya usiku mbili, na kazi ya msimu mzima.

Jana jioni nilimwandikia refa yule kupitia chama, nikamwomba radhi bila kuitaja raki ile. Mazoezini nilimwambia skramuhafu wetu kwamba kuanzia mechi ijayo tukipewa penalti ndani ya mita 30 na mimi nimeinua mkono kuelekea kona, anishike jezi na kuniuliza nani anarusha. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuchukua mipira. Huka wetu alikuwa amekaa pembeni, haruhusiwi bado hata kukimbia, akimhesabia mrushaji wa akiba: ishirini na nane, ishirini na tisa, huo umepinda, rudia.