Re: Kweli warina asali wa India huvaa kinyago kisogoni?
Ni kweli kabisa mkuu. Hiyo ni Sundarbans, msitu wa mikoko ulioko India na Bangladesh. Chui milia hupenda kuvamia kwa nyuma, anakamata shingo. Ndiyo maana mwaka 1986, upande wa India, warina asali na wavuvi walianza kugawiwa vinyago vya sura ya mtu wavifunge kisogoni, mnyama adhani anatazamwa. Mwanzoni vilisaidia, ila inasemekana chui wakashtukia mchezo. Binafsi naona nyavu za nailoni ukingoni mwa vijiji zimefaa zaidi, maana chui milia anaogelea vizuri tu, anavuka mto kufuata mifugo. Shida inabaki kwa wanaoingia msituni kutafuta kaa. Hao humwomba kwanza Bonbibi, mlinzi wa msitu katika imani yao, Wahindu kwa Waislamu.