Fizi Zikitoa Damu, Usiache Kupiga Mswaki

Damu ikionekana kwenye mate, wengi wetu tunapakwepa mahali hapo tukipiga mswaki. Mimi nashauri kinyume chake. Panapotoka damu ndipo panapotaka mswaki zaidi, ila kwa mkono mwepesi.

Fizi zangu zilipoanza kuvuja, shangazi aliniambia nisukutue kwa maji ya chumvi mpaka zipone. Maji ya chumvi yanatuliza, simpingi, lakini hayabandui ukoga, ule utando unaonata kwenye shina la jino. Umejaa bakteria, ukiachwa, fizi zinavimba, zinawiva, na zikiguswa kidogo tu zinatoa damu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Denmark, walitoa matokeo ya jaribio lao: watu wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno, na kabla ya wiki tatu kwisha wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, zilirudi hali yake kwa muda wa wiki moja hivi.

Kazi ipo ukoga ukishakuwa mgumu. Huo ndio ugaga, na hautoki kwa mswaki hata usugue kutwa. Daktari wa meno alinipa kioo nitazame nyuma ya meno yangu ya mbele ya chini: ukuta wa kahawia, umeziba hata nafasi kati ya jino na jino. Mate hutokea karibu na hapo, nayo yana madini yanayougandisha. Mtaani utaambiwa kusafishwa na daktari kunalegeza meno. Si kweli. Mimi ulimi ulikuta nafasi ngeni, maji baridi yakanisumbua siku chache, basi. Jino likicheza baada ya ugaga kutolewa, ujue mfupa wake ulishaliwa kitambo.

Nyumbani, nunua mswaki laini. Ule mgumu unachubua fizi. Ulaze mshazari, nyuzi ziguse mpaka wa jino na fizi, uzungushe taratibu. Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Upande wa ndani usiusahau, maana wengi tunasugua yale yanayoonekana tukicheka. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno mara moja kwa siku. Anayetumia mswaki wa mti naye atafune ncha mpaka iwe laini, kisha afuate mpaka huohuo wa fizi.

Ukifanya hivyo wiki mbili na damu bado inatoka, nenda kwa daktari wa meno. Mjamzito asingoje, kwa sababu homoni huzidisha uvimbe wa fizi. Wala mwenye kisukari, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Na wewe mvuta sigara usijisifu kwamba huoni damu: sigara hubana mishipa midogo ya fizi, ugonjwa ukaendelea chini kwa chini. Kapimwe tu.