Gari jipya: anza na kujua kuosha, seramiki itafuata

Mkuu, kwa nilivyokuelewa unakabidhiwa gari jipya wiki ijayo, muuzaji anakusukuma ulipie "kifurushi cha ulinzi wa rangi" kabla hujaondoka nalo, na unataka kujua kama kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Nimekuwa nikihudumia magari yangu na ya ndugu zangu kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Unaweza kabisa, na ukitulia utaifanya vizuri kuliko wao, kwa sababu wewe hukimbizani na foleni ya magari mengine. Ila adui mkubwa wa rangi mpya ni kitambaa chenye mchanga, na mara nyingi gari hukutana nacho kabla hujashika funguo. Kwa hiyo piga simu leo, waambie wasilioshe. Watoe plastiki na stika za usafirishaji, waishie hapo. Omba iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano, na gari likiwa na vumbi lipokee na vumbi lake. Yadi nyingi huosha magari mfululizo kwa ndoo moja na tambara moja. Nimeshapokea gari jeusi la ndugu yangu kutoka yadi mojawapo, halijatembea kitu, lakini ukimulika tochi boneti nzima imejaa mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui. Tulianza na kurekebisha wakati tulipaswa kuanza na kulinda.

Nieleze kwa nini nalikazania hili. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, kisha rangi yenyewe, kisha tabaka la juu lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita klia. Vyote kwa pamoja kwenye magari mengi ni kati ya mikroni 100 na 180 hivi (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia peke yake mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo mng'ao wote unaoulipia, pamoja na kinga dhidi ya miale ya jua, umo kwenye utando mwembamba kuliko unywele. Kila unapopiga polishi unakata kidogo, na kilichokatwa hakirudi. Hiyo ni akiba ya maisha yote ya gari, itumie kwa ubahili.

Utasikia pia kwamba gari jipya lisipakwe chochote miezi ya mwanzo ili rangi "ipumue". Ushauri huo unahusu gari lililopigwa rangi upya gereji, ambako kemikali za rangi huendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Kiwandani rangi huokwa kwenye tanuri, kwa kawaida kwenye nyuzi joto 140 hivi, na gari linatoka ikiwa imeshakauka na kukomaa. Unaweza kulilinda siku ileile unayolichukua.

Siku ya kukabidhiwa nenda mchana, na usikubali kupokea gari jioni au kwenye mvua. Liangalie ukiwa umeinama, mwanga ukipita juu ya bati kwa ubavu. Kagua paa, kingo za milango na pembe za bampa. Kama mlango mmoja una uso wenye vinundu tofauti na mwenzake, au rangi inapishana kidogo na ya jirani yake, uliza kabla ya kusaini, kwani magari huguswa safarini na kurekebishwa kimyakimya.

Sasa kuosha, na hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako zote. Tafuta ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya maji matupu, kila moja na kichujio cha plastiki chini. Nunua glovu ya kuoshea ya maikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, na uachane na sponji, kwa sababu sponji hushika mchanga usoni na kuuburuza, wakati nyuzi za glovu huumeza. Rimu ziwe na ndoo na brashi zake, zisichanganywe kamwe na vya bodi. Shampuu iwe ya magari, isiyo na asidi wala magadi. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, na itaondoka na nta yako. Sabuni ya unga ndiyo kabisa, iache kwenye nguo.

Osha kivulini, bati likiwa limepoa. Anza na rimu, maana vumbi la breki litaruka. Kisha mwagia bodi maji mengi kuanzia juu. Ukiwa na mashine ya presha, isogeze mbali na bati angalau sentimita 30. Ukiwa na povu la kunyunyizia, liache dakika chache lilainishe uchafu, na usuuze kabla halijakauka. Lengo la hatua hizi ni kwamba glovu ikigusa rangi, mchanga mwingi uwe umeshaondoka wenyewe.

Halafu paa, vioo, boneti, sehemu za juu za milango, na mwisho kabisa sehemu za chini na bampa la nyuma, ambako uchafu ni mzito. Pitisha kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, uzito wa glovu unatosha. Kila ukimaliza sehemu moja, suuza glovu kwenye maji matupu, isugue kwenye kichujio, ndipo uirudishe kwenye shampuu. Ukimaliza gari zima, mwaga maji ya ile ndoo taratibu na uangalie kilichobaki chini. Utakuta mchanga laini mweusi, na kila chembe iliyomo ingekuwa inazungushwa juu ya boneti yako.

Kukausha kunaharibu magari mengi sawa na kuosha. Tumia taulo kubwa nene la maikrofaiba, litandaze juu ya bati na ulivute polepole. Glovu au taulo likianguka chini, halirudi kwenye rangi siku hiyo, hata kama unaliona safi. Vitambaa hivi vioshe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa inaziba nyuzi, na bila joto kali linaloyeyusha ncha zake.

Baada ya kuosha kuna uchafu ambao shampuu haiugusi. Gari jipya limepita kwenye meli, labda treni, likakaa bandarini na yadini. Chembe za chuma kutoka kwenye reli na breki hutua juu ya klia, hujichimbia, zikaanza kutu. Kwenye gari jeupe utaziona kama vidoti vya rangi ya machungwa. Njia ya kuzipima ni hii: ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, upitishe vidole taratibu juu ya boneti safi iliyokauka. Plastiki inateleza, kwa hiyo vidole vinasikia kila kipunje ambacho mkono mtupu ungekipita. Ukisikia kama msasa, nyunyizia dawa ya kuyeyusha chuma. Ndani ya dakika chache itaanza kubadilika kuwa zambarau na kuchuruzika pale ilipokutana na chuma. Harufu yake ni mbaya, vaa glovu za mpira, fanya mahali penye hewa, na usiiache ikaukie. Suuza, pima tena. Panapokwaruza bado, hapo tu tumia klei ya kusafishia rangi pamoja na kilainishi kingi. Penye ulaini usiiguse, kwa kuwa klei nayo inaweza kuacha alama hafifu.

Polishi: kama rangi ni safi, ruka hatua hii. Kama umekuta mikwaruzo ya yadini, tumia mashine ya mzunguko maradufu, ambayo pedi yake huzunguka huku ikiyumba, pedi laini na polishi ya kumalizia, ujaribu kwanza eneo la sentimita 50 kwa 50. Likiridhisha, endelea hivyohivyo, usiongeze ukali. Kingo na mikunjo ya bodi ina klia nyembamba zaidi, zibandike tepu. Mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake uache, hautatoka bila kula klia nyingi mno.

Sasa ulinzi wenyewe. Nta ya carnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazil, inapendeza sana machoni, lakini hudumu wiki chache hadi miezi miwili mitatu. Vizibo vya sintetiki, yaani dawa za kiwandani zinazopakwa badala ya nta, hudumu miezi kadhaa zaidi na vinapakwa kirahisi. Kwa mtu anayeanza ningeanzia hapo bila aibu. Seramiki, yaani dawa ya maji inayopakwa na kukauka kuwa utando mgumu, hushikamana na klia na inaweza kudumu mwaka au zaidi, maji hukimbia juu yake, uchafu haung'ang'anii na kuosha kunakuwa kwepesi.

Muuzaji atakwambia ina ugumu wa "9H" na haikwaruziki. Kipimo hicho ni cha penseli: unaburuza penseli za ugumu tofauti juu ya uso, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote kwenye mfululizo huo. Hakihusiani na kipimo cha ugumu wa madini kinachomalizikia kwenye almasi. Mchanga kwa kawaida ni mgumu kuliko kioo, na tambara chafu litachora juu ya seramiki kama linavyochora juu ya klia tupu. Jiwe la barabarani ndilo kabisa haliijali.

Kinachozuia mawe ni filamu ya poliyurethani peke yake, yenye unene wa mikroni 150 hadi 200 hivi. Ukiwa na bajeti, ibandikwe bampa la mbele, ukingo wa mbele wa boneti na migongo ya vioo vya pembeni. Kazi hiyo mpe fundi mzoefu. Vipande vidogo vya nyuma ya vishikio vya milango, ambako kucha hukwaruza kila siku, unavibandika mwenyewe kwa maji yenye tone la shampuu na kikwangulio laini. Filamu inatangulia, seramiki inafuata juu yake. Ukigeuza mpangilio, gundi haishiki vizuri.

Ukiamua kupaka seramiki mwenyewe, chagua siku tulivu, ndani au kivulini, nyuzi joto 15 hadi 25. Futa bodi yote kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, kusiwe na mafuta ya polishi wala nta. Paka eneo dogo, kwenda na kurudi, kisha mistari ya kukatiza. Subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika moja au mbili, utaona uso unafanya rangi za upinde wa mvua. Futa kwa kitambaa cha kwanza, malizia kwa cha pili kikavu. Sasa usihame: inama na tochi, utafute doa jeusi linaloonekana kama mafuta, ambalo ni seramiki iliyobaki bila kufutwa. Likiwa bichi linafutika kwa mkono, likikauka usiku kucha litadai polishi. Vitambaa ulivyotumia tupa, seramiki ikikaukia humo inageuka chembe ngumu. Kwa saa 24 gari lisiguswe na maji, na shampuu isubiri wiki hivi.

Kwa hiyo kuhusu kile kifurushi, muulize muuzaji ni bidhaa gani, nani anaipaka, na rangi inaandaliwaje kabla. Akibabaika kwenye swali la tatu, baki na pesa yako, maana seramiki juu ya mikwaruzo inaifungia ndani.

Kinyesi cha ndege usikisubirishe hadi siku ya kuosha. Kina asidi, na jua linapopasha bati klia hulainika na kutanuka, kisha ikipoa inajikunyata ikifuata umbo la kile kinyesi kilichokauka. Weka kwenye buti chupa ya maji yenye kinyunyizio na kitambaa safi. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika chache, kisha nyanyua bila kusugua. Maji ya chumvichumvi yakikaukia juani nayo huacha duara nyeupe za chokaa, ndiyo sababu usiliache gari lijikaushe lenyewe.

Ndani ni kwepesi. Mazulia ya mpira yaingie siku ya kwanza. Acha madirisha wazi kidogo ukiwa umeegesha mahali salama, kwa kuwa mvuke wa plastiki na gundi ndio unaotengeneza ukungu wa mafuta upande wa ndani wa kioo cha mbele. Ngozi ya viti vingi imepakwa rangi juu, haihitaji mafuta, inahitaji kufutwa mara kwa mara kabla rangi ya jinzi haijakolea. Tairi zikifanya ukahawia ni dawa iliyomo kwenye mpira inapanda juu. Sugua kwa brashi, kisha paka dawa ya maji ubavuni tu, kamwe sehemu inayokanyaga barabara.

Haya yote ni kwa rangi inayong'aa. Kama uliloagiza ni la rangi isiyong'aa, usiliguse kwa polishi, klei wala nta ya kawaida, kwa sababu ukilifanya ling'ae sehemu moja hakuna namna ya kulirudisha isipokuwa kupiga rangi upya. Hilo lioshe kwa njia ileile ya ndoo mbili, tumia bidhaa zilizoandikwa kwamba ni za rangi hiyo, na filamu au seramiki yake ipakwe mapema zaidi kuliko ungefanya kwa jingine lolote.